Mtoto Aliyeitwa Mama

Siku Pokuaa alipomng'ata Sarfo shavu, darasa zima la chekechea lilinyamaza, aliyelia akawa Sarfo peke yake. Pokuaa alisimama katikati ya mikeka, mikono kiunoni, kidevu juu, akawatazama wenzake mmoja mmoja kama mwenye nyumba anayetaka kujua nani kavunja chungu. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu cha kusafisha koo, akasema, "Mtoto hana adabu huyu. Nani kamlea?"

Alikuwa na miaka mitano.

Mwalimu wake, Dufie, aligeuka kama aliyeitwa. Kikohozi kile alikijua. Alikisikia utoto wake mzima nyuma ya pazia la duka la vitenge, kila mama yake alipokuwa karibu kumshukia mtu. Na mama yake alikuwa kaburini tangu ule msimu wa upepo wa vumbi, na sasa mvua zilikuwa zimeshaanza. Dufie akamwinua Sarfo, akamfuta shavu kwa kitambaa chenye maji mpaka mtoto akaacha kulia.

Pokuaa hakuwa mtoto wa mbali. Alikuwa binti wa Boaten, mdogo wake Dufie, na alipewa jina la mama yao mzazi, bibi angali hai na nguvu zake. Mtoto mwenye jina la mama yako humwiti kwa jina kavu kavu kana kwamba unamwita kuku. Boaten alimwita binti yake "Mama" tangu siku ile alipotolewa nje kuonyeshwa jua, na bibi mwenyewe alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Mwenzangu njoo," alikuwa akimwita, "njoo tule, hawa watoto wetu wanatuchelewesha." Walikula sahani moja, walilala kitanda kimoja, na yule mdogo akamwiga yule mkubwa mwendo, kukaa na kufunga kitenge. Ulikuwa utani mtamu. Kisha bibi akafa, na utani ukaacha kuwa utani.

Maana baada ya mazishi, Boaten alishika neno lile moja kama mtu anayezama. Mama hajafa, Mama huyu hapa. Mtoto akawa anapakuliwa wa kwanza. Akawa halali mpaka aagwe. Akikasirika akarusha bakuli la supu ukutani, babake, mwanamume mzima mwenye ndevu, anavua ndala kwa heshima, anaokota vigae, anasema, "Mama, tuwie radhi, tumekukosea nini?" Konadu, mama mzazi wa mtoto, alijaribu mara moja kumchapa kofi la matako, basi mumewe akahama chumba. Tangu hapo Konadu naye alikuwa akijifanya haoni. Sasa hebu niambie wewe unayesoma, mtoto ambaye babake anamvulia ndala kila anapochukia, atajifunzia wapi kwamba hasira huja na hupita? Ataona tu watu wazima wanamwogopa, na mtoto anayeona anaogopwa, naye huanza kujiogopa.

Mwalimu mkuu, mzee Nyantakyi, alimwita Dufie ofisini siku ileile ya shavu la Sarfo.

"Madam Dufie, marehemu nilimheshimu. Kitenge cha harusi yangu nilinunua kwake. Lakini sina uwezo wa kukaa na marehemu darasani. Wazazi wananijia. Wanasema watoto wao wanasoma na mzimu."

"Ni mtoto, mzee."

"Kama ni mtoto, mfundishe awe mtoto. Akimng'ata mwingine kabla muhula haujaisha, arudi nyumbani."

Jioni Dufie alipofikisha habari hizo kwa mdogo wake, alitegemea atashtuka. Boaten hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anamenyea mtoto chungwa.

"Arudi tu," alisema. "Mama hakukaa darasani hata siku moja, na nyumba hii ni nani aliijenga?"

"Boaten, huyu ana miaka mitano. Hajui hata kufunga vifungo."

"Dada, shusha sauti. Anasikia."

Na kweli alikuwa anasikia. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti kirefu cha marehemu, miguu inaning'inia haifiki chini, anawatazama wote wawili. Dufie akaona yatakayokuja kama anayaona kwa macho. Mtoto atatolewa shule, atawekwa pale kwenye kile kiti, ataamkiwa asubuhi na kuombwa radhi jioni, na atakulia palepale bila mtu yeyote kumfahamu. Aliapa moyoni kwamba hilo halitatokea na yeye yupo.

Ila Dufie naye alikuwa na donda lake. Wiki aliyofariki mama yake, yeye alikuwa mji wa Kumasi kwenye mafunzo ya walimu, na mafunzo yenyewe, ona kejeli ya dunia, yalihusu namna ya kuwafundisha watoto wadogo kumudu hasira, huzuni na woga. Simu ilimkuta asubuhi. Alipofika, maiti ilikuwa imeshaogeshwa. Aliuliza kila mtu kama mama alisema neno, kama alimtaja. Konadu alisema hajui. Boaten alisema hajui. Aliyelala chumba kile usiku ule alikuwa Pokuaa, na ndiye aliyetoka asubuhi akasema Nana, yaani bibi yake, hataki kuamka. Dufie, kama binti mkubwa, alisimamia mazishi yote, akapokea wageni, akahesabu viti, akajikaza kisabuni. Hakulia. Watu walimsifu. Tangu siku hiyo swali lile lilikuwa likimwamkia kila asubuhi kabla hajafumbua macho: aliniulizia?

Karatasi za mafunzo alikuwa amezitupa kabatini kwa sababu zilimkumbusha siku ile. Sasa akazitoa. Zilisema tafuta kona tulivu, weka mito laini, bandika picha za nyuso. Mito laini, kwenye shule ambayo hata chaki inagombewa. Alichokuwa nacho ni kigoda kidogo cha mbao, cha kukalia jikoni. Akakipeleka, na asubuhi akawakusanya watoto.

"Ukiinuka kwenye kigoda nyumbani, unakifanyaje?"

"Unakilaza ubavu," wakajibu kwa pamoja.

"Kwa nini?"

"Kisije kikakaliwa," alisema Sarfo, mwenye alama ya meno shavuni.

"Na nani?"

Wakatazamana. Kila mtoto wa pale anajua kwamba kigoda kitupu hakiachwi kimesimama, na kila mtoto anajua kwamba mwenye kukikalia hatajwi.

"Sawa," Dufie akasema. "Hasira nayo ni hivyohivyo. Ni mgeni asiyebisha hodi. Ukisikia inakupanda, usimpige mtu. Njoo kona, simamisha kigoda, ukae, weka mkono tumboni, pumua kama unapoza uji wa moto. Sema una hasira ya nini. Ikishuka, inuka, ulaze kigoda, isipate pa kukaa tena."

Walielewa kabla hajamaliza. Walimu wa Kumasi wangeshangaa. Wiki ile kigoda hakikupoa, hata waliokuwa na furaha zao walikitaka. Sarfo alikwenda mara kwa mara.

"Madam, nina hasira."

"Ya nini?"

"Bado sijaijua."

Pokuaa hakwenda. Alikaa mbali, akikitazama kigoda kwa jicho la pembeni. Dufie akamchukua kando wakati wa mapumziko, akachuchumaa mbele yake.

"Sikiliza. Hapa shuleni huitwi Mama, wala huitwi Nana. Hapa jina lako Pokuaa, na mimi ni Madam."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani ni nyumbani. Nasema hapa."

Mtoto akafikiri. "Nikikasirika hapa, anayekasirika ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako. Hakuna mwingine."

Mtoto akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Dufie akaona jinsi mabega yale yalivyokuwa membamba. Kesho yake aligombana na Sarfo, akafungua mdomo, meno nje, darasa zima likarudi nyuma. Kisha akaufunga. Akaenda kona, akasimamisha kigoda, akakaa. "Nina hasira," alisema, kwa sauti ya mtoto, nyembamba, ya puani, "kwa sababu rangi nyekundu ni ya wote na yeye anaitia mfukoni." Akapuliza uji wake wa kufikirika, akainuka, akakilaza. Dufie aligeukia ubao akajifanya anafuta kitu. Hasira ya rangi nyekundu! Hakuna mzimu duniani unaogombea rangi nyekundu.

Wakaenda hivyo mpaka muhula ukakaribia ukingoni. Pokuaa akawa anakimbia, anaanguka, analamba mikono yenye sukari ya maandazi. Nyumbani alikuwa bado ni Mama, lakini shuleni alipata saa zake chache za kuwa mdogo, na Dufie alizilinda hizo saa kama mboni ya jicho.

Basi ikaja asubuhi Dufie alipokuta watoto wamejazana mlangoni, hakuna anayeingia.

"Madam, kuna mtu amekaa," Sarfo alinong'ona.

Kule ndani, kwenye kona, kigoda kilikuwa kimesimama. Kitupu. Jua la asubuhi lilikuwa limekiangukia, na mbao zake zilionekana zimeng'aa kama zimetoka kufutwa. Dufie alijua fika ni kigoda cha jikoni kwake. Hata hivyo miguu ilimgoma kizingitini kama ilivyowagoma watoto.

"Nani amekisimamisha?"

"Mimi," alisema Pokuaa. "Jana, wakati wa kwenda nyumbani."

Dufie akawapeleka wengine uwanjani, akawakabidhi kwa mwalimu wa darasa la pili awaimbishe, akarudi na Pokuaa peke yake. Wakakaa mkekani. Hakuna kati yao aliyekipa kigoda mgongo.

"Nilikwambia ukiinuka ukilaze."

"Nimemwachia Nana." Mtoto alisema taratibu, kama anayemweleza mtu mzito wa kuelewa. "Yeye anataka pa kukaa. Nyumbani wanamkalisha kwangu. Akikaa pale, hakai kwangu."

Miezi yote ile alikuwa akihangaika na karatasi za Kumasi, na mtoto alikuwa amejitafutia dawa mwenyewe.

"Madam?"

"Naam."

"Sasa yuko kule. Mimi naweza kulia?"

"Kulilia nini, Pokuaa?"

"Kumlilia Nana. Baba alisema nisilie. Alisema mimi ndiye Nana, na mtu hajililii." Mdomo ukaanza kumcheza. "Lakini mimi nilikuwa namtaka yeye. Alikuwa ananishika miguu nikilala."

Kisha akalia. Alilia vile watoto wanavyolia, mdomo wazi, kamasi mpaka kidevuni, mwili mzima ukirukaruka. Ulikuwa msiba wa tangu msimu wa vumbi na hakuna aliyekuwa ameuona. Dufie alijua la kufanya. Alijua kuliko kitu kingine chochote alichowahi kufundishwa: mshike, nyamaza, mwache alie mpaka mwisho, usimwombe kitu. Akamvuta kifuani, na kwa muda fulani akafanya hivyohivyo, na laiti angeendelea.

"Usiku ule," mtoto alisema katikati ya kwikwi, "alikuwa anaongea ongea."

Dufie akamshika mabega. "Alikuwa anasema nini?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Kumbuka kidogo. Alitaja jina la mtu?"

"Sijui, Madam."

"Alinitaja mimi? Pokuaa, nitazame. Aliniulizia?"

"Nilikuwa na usingizi," mtoto akalia zaidi, "nilikuwa na usingizi, sikumjibu, sijui." Kwikwi ikampalia, akainama, akakohoa. Kikavu, mara mbili, cha kusafisha koo.

Jamani, tusimhukumu Dufie haraka. Wewe pia una kikohozi cha mtu ambacho ungetoa kila ulicho nacho ukisikie tena. Alichokuwa amekifungia tangu siku ya kuhesabu viti kilivunja mlango. Alijikuta kapiga magoti, kashika mikono ile midogo yenye kamasi, na anasema kwa sauti ambayo hakuitambua, "Mama. Mama, mbona hukunisubiri? Uliniulizia? Niambie tu uliniulizia."

Mtoto aliacha kulia.

Aliacha ghafla, kama maji yanavyokatika bombani. Akamtazama shangazi yake kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yamelowa, lakini nyuma ya macho kuna kitu kilikuwa kinaondoka, na Dufie alikiona kinaondoka na hakukizuia. Pokuaa alichomoa mikono yake polepole. Akaenda kwenye kona, akainama, akakilaza kigoda ubavu. Akarudi. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Dufie, pale juu ya utosi, mahali ambapo mama yake alikuwa akiweka.

"Nilikuulizia, Dufie," alisema. "Nilisema, mwanangu yuko wapi. Wakaniambia yuko njiani. Nikafurahi. Basi, usilie."

Na Dufie akalia. Alilalia mapaja ya mtoto wa miaka mitano akalia mpaka kitenge kikalowa, na yule mtoto amesimama wima, hatikisiki, anampapasa kichwa, mpaka nyimbo za uwanjani zikaisha.

Usiku ule Dufie alilala kama mtoto mchanga. Asubuhi swali halikuja. Alikula fufu mchana akaongeza, mpaka Konadu akasema, "Wifi, umerudi duniani." Alijiona mwepesi, alijiona amesamehewa na ulimwengu mzima, na ilipita wiki nzima kabla hajamtazama Pokuaa sawasawa.

Pokuaa hakumng'ata mtu tena. Hakusukuma, hakurusha, hakupiga kelele. Mzee Nyantakyi alifurahi kupita kiasi, akaleta walimu wa shule nyingine waje kuiona ile kona, na akamwonyesha mtoto kwa kidole: huyu hapa alikuwa simba, mtazameni. Walimu wakaandika andika. Boaten alisema anaona sasa Mama ameipenda shule, aachwe aendelee.

Lakini kigoda hakukikaribia tena. Wakati wa mapumziko alikaa ngazini, miguu kainyoosha, kitenge cha shule kakikunja mapajani, na wenzake walimletea kesi zao. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaamua. Watoto hawakumwogopa tena. Walimheshimu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dufie alijaribu kila njia. Rangi nyekundu alimpa mtoto mwingine mbele ya macho yake makusudi. Pokuaa akachukua ya kijivu. Alimruka zamu kwenye foleni ya uji. Pokuaa akangoja. Siku moja akamwita kando, akachuchumaa kama alivyochuchumaa zamani.

"Hapa jina lako Pokuaa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Madam."

"Ukikasirika hapa, anayekasirika ni nani?"

Mtoto alimtazama kwa huruma. Alimsawazishia ukosi wa gauni, akaenda zake.

Siku ya kufunga muhula walikuwa wanabeba madawati ya darasa la pili kuyatoa nje kwa ajili ya wazazi. Wakubwa wawili waliteleza, na mguu wa dawati ukashukia vidole vya Pokuaa. Dufie aliusikia ule mlio. Akaruka, akalisukuma dawati, akaukamata mkono. Ukucha ulikuwa umeng'oka nusu, damu inatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Pokuaa aliutazama mkono wake. Uso ukapauka. Kisha mdomo wa chini ukaanza kucheza, kidevu kikakunjamana, na kifua kikajaa pumzi. Dufie alimwona anakuja, yule mtoto wa rangi nyekundu, yule wa sauti ya puani, anapanda kutoka mbali, amefika kooni, bado kidogo tu atoke.

"Lia," Dufie alimsihi, amemkumbatia, na machozi yake mwenyewe yanamdondoka bila yeye kujua. "Lia, Pokuaa wangu. Piga kelele. Ning'ate mimi hapa. Tafadhali, mtoto wangu, lia."

Mtoto aliinua macho. Akauona uso wa Dufie, akayaona yale machozi. Pumzi iliyokuwa imejaa kifuani aliimeza, ikashuka kwa shida kama tonge kavu, na kidevu kikatulia.

"Sijaumia, mwanangu," alisema. Kwa ule mkono mzima akaanza kumfuta mashavu, taratibu, shavu hili kisha lile. "Nyamaza. Mimi niko hapa."